Manowari za kubeba ndege: Nchi ya wastani yazitakia nini?

Juma hili nimepata swali kutoka kwa msikilizaji wetu mmoja wa Masasi. Anasema amekuwa akisikia habari za nchi hii na ile kujenga au kununua manowari za kubeba ndege, naye anauliza hivi: Marekani tunaielewa, ina fedha na ina ugomvi kila pembe ya dunia. Je, nchi ya wastani, ambayo si dola kubwa wala si maskini wa kutupwa, ina haja gani na chombo cha namna hiyo? Ni ulinzi, au ni fahari kama ya mtu anayenunua basi la abiria sitini kwa ajili ya kumpeleka mkewe sokoni?

Wapo watakaosema kwamba swali hilo halituhusu sisi wa Ndanda. Kutoka hapa hadi bahari ya Lindi ni zaidi ya kilometa mia moja, na wengi wetu meli tumeziona kwenye picha tu. Mimi nasema latuhusu. Pwani yetu, na hata uwanda wetu huu wa Makonde, vimeingia katika historia ya vita vya angani vilivyotoka mbali mara tatu: mwaka 1915, mwaka 1917 na mwaka 1964. Mara zote tatu sisi tulikuwa upande wa kufikiwa, na anayefikiwa huijua silaha vizuri kuliko anayeisoma kwenye matangazo ya kiwanda.

Kwanza tuelewane chombo chenyewe ni nini. Manowari ya kubeba ndege ni uwanja wa ndege uliowekwa juu ya maji. Sifa yake kubwa ni moja tu, kwamba uwanja huo unatembea. Lakini hautembei peke yake. Unahitaji manowari nyingine za kuulinda dhidi ya nyambizi na makombora, meli ya mafuta, ndege zenyewe, na marubani waliofundishwa kutua juu ya sitaha inayoyumba usiku. Tena chombo hicho huingia gatini kutengenezwa kwa muda mrefu. Ufaransa inayo moja, Charles de Gaulle, na ilipoingia matengenezoni mwaka 2017 na 2018 taifa zima lilikaa zaidi ya mwaka bila uwanja huo wa baharini. Ndiyo maana mabaharia husema kwamba anayetaka kuwa na moja kila siku anunue tatu.

Sasa twende Rufiji. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, Wajerumani walikuwa na manowari moja ya maana katika bahari yetu, Königsberg, chini ya nahodha Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914 iliingia alfajiri katika bandari ya Unguja na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus. Baada ya hapo mitambo ikaisumbua, ikajificha katika mikono ya mto Rufiji, ndani kabisa ya mikoko. Mwisho wa Oktoba Waingereza wakajua ilipo, lakini kujua na kuona ni mambo mawili. Manowari zao kubwa hazikuweza kupita katika maji mafupi yale, na kutoka baharini mizinga yao ingepiga mikoko na viboko tu.

Walichokosa kilikuwa ni macho ya angani. Wakamkodi rubani raia kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege yake ya kutua majini, wakaileta kwa meli ya abiria iliyogeuzwa kuwa ya kivita, Kinfauns Castle. Rubani yule aliiona Königsberg, lakini mwezi Desemba ndege yake ilianguka mtoni naye akatekwa. Zikaletwa nyingine. Joto la kwetu na unyevunyevu viliziharibu, injini zikawa hazina nguvu ya kuzinyanyua kutoka majini. Kwa lugha ya leo tungesema Waingereza walikuwa wanajaribu kupigana kwa ndege za melini, na zikawashinda.

Kilichowafaa hatimaye ni kisiwa. Mafia ilikuwa imetekwa Januari 1915, wakafyeka uwanja hapo, wakaleta ndege za kutua nchi kavu. Zikaja pia meli mbili bapa zenye mizinga mikubwa, Severn na Mersey, zilizovutwa kutoka Malta kwa sababu zilikuwa hazifai kwa bahari kuu. Tarehe 6 Julai 1915 walishindwa. Tarehe 11 Julai walirudi, na ndege ikawa juu inawaambia wapiga mizinga wapeleke risasi kulia au kushoto. Ndege hiyo ilipigwa, na hata ilipokuwa ikishuka kuanguka iliendelea kutuma maelekezo. Siku hiyo Königsberg ikaisha.

Naomba msikilizaji wa Masasi alitie hilo kichwani: mwaka 1915 uwanja wa udongo wa Mafia uliishinda meli kwa kazi ile ile.

Wajerumani hawakuiacha mizinga kumi ya Königsberg. Waliitoa majini, wakaipeleka Dar es Salaam na kuitengenezea magurudumu, nayo ikavutwa huku na huko nchi nzima kwa mikono na migongo ya watu wetu. Mmoja umewekwa mbele ya Ngome ya Yesu kule Mombasa, watalii hupiga picha nao. Wapagazi walioivuta hawana picha. Na hapa niseme jambo dogo la pembeni. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Kiingereza. Neno la Kiingereza walilowaitia wapagazi hao ndilo hilo hilo wanalolitumia leo kwa manowari ya kubeba ndege. Mbebaji ni mbebaji, ila mmoja ana sitaha ya mamia ya mita na mwingine alikuwa na kata ya majani kichwani.

Mwaka 1917 vita vikashuka kwetu. Katikati ya Oktoba yalipiganwa mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao, ambayo wazee wa njia ya Lindi waliyahadithia kwa miaka mingi. Upande wa Waingereza peke yake walipotea zaidi ya watu 2,000 kati ya waliouawa na waliojeruhiwa, wengi wao wakiwa askari wa Kiafrika, wakiwemo Wanaijeria. Mwezi Novemba Waingereza wakaingia Ndanda, ambako Wajerumani walikuwa na hospitali ya majeruhi wao. Jenerali von Lettow-Vorbeck akapanda uwanda wa Makonde akiwa hana dawa, hana risasi za kutosha na hana chakula. Looff, yule nahodha aliyepoteza meli yake Rufiji, aliachwa nyuma pamoja na wagonjwa na majeruhi, akatekwa huku huku uwandani, mbali na bahari.

Ni wakati huo Ujerumani ilipofanya jambo ambalo mpaka leo wengi wa Newala hawalijui. Ilirusha chombo kikubwa cha angani cha aina ya Zeppelin, kiitwacho L 59, kutoka Jamboli nchini Bulgaria, kije kitue katika uwanda wa Makonde. Kilibeba tani kama 15 za risasi, bunduki za rashasha na dawa. Hakikukusudiwa kurudi. Kitambaa chake kingefanywa nguo na bendeji, na vyuma vyake vingepata kazi nyingine. Kiliondoka tarehe 21 Novemba 1917, kikavuka bahari ya Kati, kikapita Misri na jangwa, kikafika Sudan, magharibi ya Khartoum. Hapo kikapokea habari kwa redio kwamba uwanda wa Makonde umekwisha kuingia mikononi mwa Waingereza, basi kirudi. Kikageuka usiku wa kuamkia tarehe 23. Kilipofika Jamboli tarehe 25 kilikuwa kimekaa hewani saa 95 na kwenda kilometa 6,757 bila kutua. Siku hiyo hiyo ya tarehe 25 von Lettow-Vorbeck alikuwa amekwisha kuvuka Ruvuma, akiwapiga Wareno kule Ngomano na kujipatia risasi zao.

Wapo wanaosema habari ile ya redio ilikuwa hila ya Waingereza. Sioni haja ya hila. Uwanda ulikuwa umekwisha kutekwa kweli. Linalonivutia mimi ni kwamba Ujerumani, taifa la viwanda vikubwa, ilikuwa na watu wake mwisho wa dunia na haikuwa na uwanja hata mmoja kati ya Bulgaria na Newala. Asiye na uwanja njiani, wala meli ya kumpitisha baharini, hufanya maajabu ya saa 95 na kurudi na mzigo wake.

Sasa tufike mwaka 1964, ambao ndio hasa unaomjibu msikilizaji wetu.

Tarehe 20 Januari mwaka huo askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi. Walitaka mishahara zaidi na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke, Waafrika washike nafasi zao. Waliwakamata maofisa, wakashika sehemu nyeti za mji ukiwemo uwanja wa ndege. Maasi yakaenea Tabora na mpaka kwa jirani zetu wa Nachingwea. Siku chache kabla, tarehe 12, Mapinduzi yalikuwa yametokea Zanzibar, na mji ulikuwa umejaa uvumi. Rais Nyerere alifichwa, na waziri Oscar Kambona ndiye aliyekwenda kuzungumza na waasi. Kwa siku nne nchi ilikuwa na serikali ambayo haikuwa na jeshi.

Tarehe 24 Mwalimu aliomba msaada Uingereza. Manowari ya kubeba ndege Centaur, yenye uzito wa zaidi ya tani 20,000, ilikuwa imekwisha kufika karibu na pwani kutoka Aden, ikiwa imebeba makomandoo wa kikosi cha 45 cha majini. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta zilipanda kutoka sitahani na kuwashusha makomandoo kando ya kambi, huku manowari nyingine ikipiga mizinga ya kutisha tu. Roketi moja ilipiga nyumba ya walinzi. Askari wachache walikufa, wengine wakatupa silaha na kukimbilia porini, na asubuhi hiyo hiyo mambo yakaisha. Wakazi wa Dar es Salaam walioamshwa na mizinga waliambiwa baadaye na Mwalimu mwenyewe, bila kuficha, kwamba kuomba majeshi ya mtawala wa jana ni aibu kwa taifa.

Kwa jeshi la maji, hakuna ushahidi mzuri kuliko huo. Meli moja ilitokea, ikaokoa serikali, ikamaliza kabla ya watu kunywa chai. Maadmeri wa Uingereza walikuwa na haki ya kujivuna. Hata hivyo, juma lile lile palikuwa na maasi mengine mawili ambayo hutajwa kidogo. Askari wa Uganda waliasi Jinja tarehe 23, na wa Kenya waliasi Lanet tarehe 24. Kote kuwili Waingereza waliyazima, na hawakuhitaji manowari yoyote. Walikuwa na majeshi yao Kenya tayari, na viwanja vya kuyarusha mpaka Uganda. Centaur ilihitajika kwetu kwa sababu moja: Tanganyika haikuwa na kambi ya Waingereza, na waasi walikwisha kuonyesha kwamba wanaweza kuushika uwanja wa ndege.

Hapo ndipo penye fundo la swali zima. Manowari ya kubeba ndege ni chombo cha anayetaka kufika mahali ambapo hana kambi, na ambapo hakuna aliyemkaribisha kutua. Anayelinda nyumba yake anao uwanja tayari, ndiyo ardhi yake, nayo haizami.

Waingereza wenyewe waligombana juu ya jambo hili miaka miwili tu baadaye. Walikuwa wamekwisha kuwa nchi ya wastani, ingawa hawakupenda kuambiwa hivyo. Februari 1966 waziri wa ulinzi, Denis Healey, alifuta mpango wa manowari mpya ya kubeba ndege. Mkuu wa jeshi la maji na waziri wa jeshi hilo wakajiuzulu. Jeshi la anga lilikuwa limeahidi kwamba ndege zake zitaruka kutoka visiwani, na kimoja cha visiwa hivyo kilikuwa Aldabra, katika bahari yetu hii, kati ya Shelisheli na pwani ya Tanzania. Wataalamu wa viumbe wakapiga kelele kwa ajili ya kobe wakubwa wa kisiwa hicho, thamani ya paundi ikashushwa, na Novemba 1967 mpango ukatupwa. Kobe wakabaki na kisiwa chao, na Uingereza ikabaki haina manowari mpya wala uwanja.

Mwaka huo huo wa 1966 walikuwa wakizuia mafuta yasifike Rhodesia kupitia Beira. Manowari Ark Royal na Eagle zilikaa katika mlango wa bahari wa Msumbiji zikirusha ndege kuchungulia meli za mafuta. Kazi hiyo ilizichosha upesi. Zikapatikana ndege za doria za jeshi la anga zilizoruhusiwa kutua Majunga, nchini Madagaska, nazo zikaifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Tanzania isingewapa uwanja. Tulikuwa tumevunja uhusiano na Uingereza Desemba 1965 kwa sababu ya Rhodesia hiyo hiyo. Basi uwanja wa nchi kavu ni bora na ni rahisi, ila una mwenyewe, na mwenyewe aweza kukataa. Hiyo ndiyo hoja pekee ya maana upande wa maadmeri, nami naiheshimu.

Ilithibitika mwaka 1982 katika visiwa vya Falkland. Uingereza ilikuwa imekubali mwezi Februari kuiuzia Australia manowari yake Invincible. Aprili Argentina ikaviteka visiwa hivyo, na bila Invincible na dada yake mdogo Centaur, yaani Hermes, iliyojengwa kwa ramani ya aina ile ile, Waingereza wasingethubutu kwenda kilometa 13,000 kuvirudisha. Lakini tazama upande wa pili. Argentina nayo ilikuwa na manowari ya kubeba ndege, Veinticinco de Mayo. Nyambizi ya Kiingereza ilipoizamisha meli Belgrano tarehe 2 Mei, na watu 323 wakafa, manowari ile ya fahari ilirudi bandarini na haikutoka tena vitani. Ndege za Argentina zilizoliumiza jeshi la Uingereza, zikaiua Sheffield na nyingine, ziliruka kutoka bara. Chombo kile kile kilikuwa lazima kwa aliyetoka mbali na mzigo kwa aliyekuwa karibu.

Baada ya vita Invincible haikuuzwa, na Australia, nchi yenye pwani ndefu kuliko wengi, haijanunua nyingine ya ndege za kivita mpaka leo. Sijasikia kwamba imevamiwa. Thailand ilipokea yake kutoka Hispania mwaka 1997. Ndege zake za kivita ziliondolewa mwaka 2006, na meli imebaki na helikopta, ikisaidia watu wakati wa mafuriko. Brazil ilinunua ya Ufaransa mwaka 2000 na kuiita São Paulo. Ikawa na hitilafu juu ya hitilafu, ikastaafishwa, na ilipopelekwa Uturuki kuvunjwa ilikataliwa kwa ajili ya sumu ya asbesto iliyomo ndani. Februari 2023 Brazil iliizamisha yenyewe katika bahari ya Atlantiki.

India siiweki katika kundi hilo. Iliinunua Hermes, ikaitumia kwa jina la Viraat mpaka mwaka 2017, na mwaka 2022 ikazindua Vikrant iliyojengwa Kochi na mafundi wake. Yenyewe inataka kuwa na sauti katika bahari yote hii mpaka kwetu, na haifichi.

Basi kwa msikilizaji wa Masasi nasema: iulize nchi hiyo inataka kwenda kwa nani. Ikiwa ina visiwa vyake au raia wake mbali sana, ina sababu. Ikiwa inataka kulinda pwani yake, inapoteza fedha, na ikipigana kweli itaificha bandarini kama Argentina.

Na sisi? Baada ya aibu ya Januari 1964 Tanganyika haikununua meli. Iliomba Waafrika wenzetu, na kikosi cha Nigeria kikaja mwezi Aprili kushika nafasi ya Waingereza. Wajukuu wa askari wa Mahiwa, ukipenda kusema hivyo. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi, na vijana wa TANU wakaandikishwa. Kilichokuwa kimetuangusha kilikuwa ni askari wasioijua serikali yao, na hicho hakiponi kwa tani 20,000 za chuma.

Bahari yetu ya kusini ina gesi sasa, Songo Songo, Mnazi Bay na kwenye kina kirefu mbele ya Lindi na Mtwara. Oktoba 2011 maharamia waliishambulia meli ya kuchimba iliyokuwa kwenye maji yetu, na jeshi letu likawakamata saba. Kazi hiyo haikuhitaji sitaha. Inahitaji boti ziendazo kasi zenye mafuta ya kutosha ndani yake, ndege ndogo za doria, rada, na mabaharia wanaolipwa kwa wakati. Viwanja vya kurukia tunavyo. Kimoja kiko Mtwara, na kingine kiko Mafia.